Kadzama ya Kikambala

Wifi yangu Damaris akiomba, chai hupoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Asubuhi ile tulisimama uani kwa kaka yangu Mwaro, kule Magarini, tumeshikana mikono kulizunguka gari lake, Probox, naye Damaris amefumba macho anamweleza Mungu njia nzima ya kutoka kwetu hadi Kikambala kana kwamba Mungu hajawahi kuipita. Alianza na Gongoni. Akaja darajani Sabaki. Alipoingia Malindi mjini nilifumbua jicho moja nikamtazama mwanawe Kazungu, naye akanitazama, tukauma midomo tusije tukacheka.

Lakini siku yenyewe haikuwa ya mzaha. Kazungu alikuwa amevaa shati jipya ambalo lilikwisha kulowa kwapani kabla jua halijapanda. Tulikuwa tunapeleka kadzama. Kwetu Wagiriama, kijana akimpenda msichana, nyumba ya kijana hupeleka mtungi wa pombe ya mnazi kwa baba wa msichana, na mtungi huo ndio unaofungua mazungumzo ya ndoa. Haununuliwi kilabuni. Hugemwa alfajiri hiyo hiyo kwenye minazi ya baba wa kijana, na shangazi wa kijana ndiye anayeukabidhi. Shangazi mwenyewe ni mimi, Kabibi.

Na hii ilikuwa mara yetu ya pili. Mara ya kwanza, mwezi wa Disemba, Damaris alishikilia wokovu wake, akasema mwanawe hataoa kwa pombe, tukaenda Kikambala na kreti za soda. Baba wa msichana, Mzee Ziro, alizitazama zile kreti, akawaita watoto wa majirani waje wanywe, kisha akatuaga kwa upole uliouma kuliko matusi.

"Trizah ni binti yangu, si sherehe ya shule," alituambia. "Rudini na kadzama. Mkija tena bila hiyo, msijisumbue kuja mara ya tatu."

Kazungu alirudi nyumbani akalala kifudifudi hadi kesho yake. Mtu mzima, fundi wa umeme, na ndevu zake. Yeye na Trizah walikuwa wamengojeana tangu Trizah akisomea ualimu, na sote tulijua kwamba akikosa huyu, hatatafuta mwingine upesi.

Kwa hiyo Damaris alikubali, kwa shingo upande, mnazi uingie garini. Alichokataa katakata ni mimi kuumwaga kidogo chini kabla ya kuondoka. Mama yangu alifanya hivyo kila safari ya jambo kubwa, na mamake kabla yake, kuwapa koma, yaani wazee wetu waliokwisha kufa, sehemu yao kwanza.

"Wifi, nimeshaomba," aliniambia. "Nikishamkabidhi Mungu gari, simtafutii msaidizi."

"Koma si wasaidizi. Ni watu wa kwetu. Hata wewe una bibi yako huko chini."

"Bibi yangu amelala. Mwache alale."

Akaingia kiti cha mbele, akaweka Biblia mapajani, akafunga mlango. Nilikasirika mno. Hasira zangu haziishi mbali, huja hata zisipoitwa, na asubuhi hiyo nilizipakia garini pamoja na mizigo.

Mgema alikuwa ameuziba mtungi wetu, huu wa plastiki wa siku hizi, kwa makumbi, zile nyuzi za ganda la nazi, kama inavyotakiwa. Mnazi uliogemwa alfajiri uko hai. Unachemka wenyewe kwa ndani, unatoa povu na pumzi, kwa hiyo haufungwi kwa kifuniko bali huzibwa kwa kitu kinachopitisha hewa. Kwetu hilo hata mtoto analijua. Kifuniko cha plastiki kilibaki kikining'inia kwa kamba kwenye mkono wa mtungi. Tuliuweka nyuma ya kiti nilichokalia na Kazungu, tukauegemeza kwa gunia la mananasi ya kuwapelekea wakwe. Probox haina ukuta baina ya kiti cha nyuma na mizigo, basi harufu ilitufikia shingoni mapema. Mimi harufu ile hunikumbusha marehemu baba akirudi shambani, naipenda. Damaris aliteremsha kioo mpaka mwisho akatoa pua nje.

"Nitafika kwa wakwe ninanuka kilabu," alisema.

"Utafika unanuka mama wa bwana harusi," nikamjibu.

Mwaro akaongeza sauti ya redio. Ndivyo alivyo kaka yangu. Akiwekwa kati ya mkewe na dadake, yeye hugeuka kuwa dereva tu.

Malindi tulisimama kutia mafuta. Mwaro alishuka kukagua tairi la nyuma la kushoto, ambalo lilikuwa limechakaa na lilimtia wasiwasi tangu jana yake. Alilipiga teke, akaliinamia, akalipiga tena. Kazungu alikwenda kununua maji. Mimi nilishuka kunyoosha magoti, nikaishia kuzungumza na mama muuza mahamri, maana mimi siwezi kusimama karibu na mtu nikanyamaza. Damaris alizunguka nyuma ya gari, akafungua mlango wa mizigo, akasema anatafuta leso yake. Alikaa huko kidogo. Tulipoondoka harufu ilikuwa imepungua sana, nami nikasema moyoni kwamba pua zimezoea.

Tukapita Gede. Msitu wa Arabuko ukaanza upande wa kulia, kijani kizito kinachokwenda na barabara, na upande wa kushoto mashamba na mikorosho. Jua lilikuwa limeshapanda na gari lilikuwa na joto. Kazungu alikuwa akisema maneno peke yake kwa sauti ya chini, yale atakayomwambia Mzee Ziro akiulizwa.

"Shangazi," aliniambia, "je, akitukataa tena?"

Kwa kawaida ningemtania. Lakini nilimwona alivyoshika ile chupa ya maji kwa mikono miwili, nikamwonea huruma.

"Hatakataa," nilisema. "Tuna mtungi. Mtungi ukifika, mlango unafunguka. Wewe kazi yako ni kukaa wima na kufunga mdomo. Kusema niachie mimi."

"Hiyo ndiyo inayomtia hofu," alisema Damaris kutoka mbele, na hata mimi nilicheka.

Ndipo kukalipuka nyuma ya kichwa changu.

Sijui nieleze vipi mlio ule. Nilidhani tumepigwa risasi. Kitu kiligonga dari kwa kishindo, kitu cha baridi kikanimwagikia mgongoni, Damaris akapiga ukelele, na Mwaro akasema neno moja tu: "Tairi!" Akakata usukani kushoto kama dereva yeyote anayedhani tairi limepasuka. Gari likaacha lami, likaruka ukingo, likaingia mchangani chini ya mikorosho, likarukaruka, likasimama ubavu wake bado karibu kuigusa lami.

Papo hapo, kwenye kona iliyokuwa mbele yetu, magari mawili yakatokea sambamba. Moja lilikuwa lori la mchanga, linakuja taratibu upande wake. La pili lilikuwa trela la makontena, linalipita lori lile kwenye kona, na lilikuwa upande wetu. Lilijaza lami yote tuliyokuwa juu yake sasa hivi tu. Niliona taa zake, niliona chuma cha mbele kimejaa wadudu waliokufa, niliona mkono wa dereva umeinuliwa usoni kwake. Magurudumu yalilia. Likapita. Upepo wake uliitikisa Probox mpaka mananasi yakagongana, na kwenye dirisha la Mwaro pakasikika *ta*, mlio mdogo, mkavu. Honi yake tuliisikia ikiwa imeshatupita, inakwenda zake Gede.

Halikusimama. Wala lori la mchanga halikusimama. Kisha barabara ikawa tupu, nyeusi, jua limelala juu yake, na ndege mmoja msituni akaendelea na wimbo wake alipoukatiza.

Injini ilikuwa imezimika. Nilitazama mkono wangu wa kulia na kuona umeshikana na wa Kazungu, sijui ni nani aliyemtafuta mwenzake. Mwaro alikuwa bado ameshika usukani, anatazama mbele mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kisha akageuza kichwa polepole upande wake, nasi tukageuka naye. Kioo cha pembeni hakikuwapo. Kilichobaki ni kipande cha plastiki na waya mbili zinaning'inia.

Tulitoka mmoja mmoja. Mwaro akaenda moja kwa moja kwenye tairi lake la nyuma la kushoto. Akaliinamia. Akalipapasa kote. Akaenda la pili, akaenda la mbele, akayazunguka yote, kisha akayazunguka tena kwa upande wa pili. Aliposimama uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Hayajapasuka," alisema. "Yote mazima."

Kazungu ndiye aliyefungua mlango wa nyuma. Mnazi ukatoka na povu, ukamiminika juu ya bampa ukaingia mchangani kwa sauti kama ya mafuta kwenye kikaango. Mtungi ulikuwa umepasuka kutoka shingoni mpaka katikati ya ubavu. Dari ya gari ilikuwa na tundu, na chini ya tundu, juu ya gunia la mananasi, palikuwa na kile kifuniko cha plastiki, bado kina kamba yake. Kazungu akakiokota.

"Nani alikifunga?" aliuliza.

Nilijua kabla hajajibu mtu. Nilimgeukia Damaris na maneno yangu yote tayari kinywani, na mimi nikiwa na maneno, watu huingia ndani. Alikuwa amesimama kando ya mlango, vidole mdomoni.

"Ni mimi," alisema. "Pale Malindi. Niliyatoa makumbi nikakaza kifuniko. Harufu ilinishinda. Nilitaka tu tufike tukinuka kama watu."

Nilifungua mdomo. Na wakati huo macho yangu yalikwenda barabarani, kwenye upande wetu wa lami. Palikuwa na mistari miwili mipana ya magurudumu, myeusi, mipya, inaanzia kwenye kona na kupita katikati kabisa ya mahali petu. Nikaipima kwa macho kutoka mistari ile mpaka kwenye kioo kilichong'oka. Nikafikiria kama mtungi ungekuwa umezibwa kwa makumbi, kama mgema alivyouziba, kama mila inavyotaka, kama nilivyotaka mimi. Tungekuwa juu ya lami, tunacheka.

Maneno yangu yalinitoka yote, yakaenda nisikojua. Nilikaa chini mchangani na gauni langu jipya. Nimeishi miaka yangu, nimezika wazazi, nimezaa, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, na haikuwa hofu ya kufa, maana kufa kulikuwa kumeshapita. Ilikuwa hofu ya kuona jinsi tulivyobakizwa.

Na mnazi ulikuwa bado unamiminika. Ardhi ilikuwa ikiunywa haraka, povu linakaa juu kidogo kisha linazama. Nilikumbuka uani asubuhi, mimi na mtungi wangu, na Damaris amesimama njiani.

"Umejimwaga wenyewe," nilisema.

"Mungu ametuokoa, wifi," alisema Damaris.

"Sikatai."

Akaja akakaa kando yangu, naye na vazi lake la kanisani. Alikuwa akiitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mikono ya mtu mwingine.

"Lakini kwa mkono huu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilifanya kwa siri, wifi. Nilifanya kwa ubaya. Nilitaka mnazi wenu uoze. Na ni mkono huu huu." Akaanza kulia, nami nikamkumbatia, sote tunanuka kilabu.

Kazungu hakulia. Alikuwa ameinama juu ya mtungi, anaugeuza pole pole. Kwenye pembe ya chini, mahali ufa haukufika, palibaki mnazi wa kujaza kikombe kimoja, labda na nusu yake.

"Turudi nyumbani, baba," alisema. "Tuko hai. Yatosha."

Mwaro alitikisa kichwa kukubali, na mimi pia sikumpinga, kwa sababu kadzama iliyomwagika ni kadzama isiyofika, na Mzee Ziro alikuwa ameshasema neno lake. Niliona shingo ya Kazungu ilivyolegea, nikajua mtoto huyu amepewa uhai wake na kunyang'anywa mke katika dakika moja. Iliniuma vibaya.

Damaris ndiye aliyeinuka. Akafuta uso kwa leso ile ile aliyodai anaitafuta Malindi. Akaingia ndani mpaka kwenye gunia, akayapata yale makumbi aliyoyaficha, akayasukumiza kwenye shingo ya mtungi. Kisha akaubeba kifuani, akiulaza upande ili ile pembe ikae chini, akaketi kiti cha mbele, akauweka mapajani. Biblia akampa mumewe aiweke mahali.

"Washa gari, baba Kazungu," alisema. "Tunangojwa."

Hivyo ndivyo tulivyoenda. Mwaro aliendesha taratibu hata baiskeli zikatupita. Nilitoa laana zangu zote kwa dereva wa trela, kuanzia Matsangoni hadi Kilifi, kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, nikamlaani yeye na leseni yake na aliyempa. Tulipita darajani Kilifi, maji ya buluu huku na huku, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuyatazama. Nilikuwa nikimtazama wifi yangu. Hakuusogeza ule mtungi hata kidogo. Gari likiruka tuta, aliunyanyua kidogo kwa mikono ili usitikisike, na mnazi ukimchuruzikia gauni aliuacha uchuruzike.

Kikambala tulifika tumejaa vumbi la ujenzi wa barabara juu ya harufu yetu. Kwa Mzee Ziro walikuwa wamefunga turubai, wazee wa ukoo wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanawake jikoni, moshi wa pilau unapanda. Tulipotoka garini minong'ono ilikatika. Hata mimi ningejishangaa. Nywele zangu zilikuwa zimeshikamana kwa mnazi, Kazungu shati limekauka likawa na ramani.

"Shikamooni," tulisema.

"Marahaba," walijibu, bila haraka.

Kukabidhi ni kazi ya shangazi. Nimeingojea siku hiyo tangu Kazungu azaliwe, nimejiandalia hotuba ya kuwafanya watu wa Kikambala wajue Magarini kuna wanawake. Nilimtazama Damaris na mtungi wake kifuani, nikarudi nyuma hatua.

"Peleka wewe," nilimwambia.

Alinitazama kuona kama ninamchezea. Kisha akaenda, akapiga magoti mbele ya Mzee Ziro, yeye aliyesema mwanawe hataoa kwa pombe, akauweka chini mtungi uliopasuka. Mzee Ziro ni mtu mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Aliuinamia, akautazama ule ufa, akaitazama ile pembe ya chini.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Kadzama, mzee," alisema Damaris. "Iliyosalia."

Nikaeleza mimi. Nilianza kwa sauti yangu ya kawaida, lakini nilipofika kwenye kona ikanipotea, nikamalizia kwa kunong'ona, na wazee wakalazimika kuinama mbele. Damaris alisema mwenyewe kuhusu kifuniko. Hakujitetea. Nilipomaliza, hata jikoni walikuwa wamesimamisha miko.

Mzee Ziro aliinuka akaenda garini. Alikitia kidole kile kitundu cha dari. Akazunguka upande wa dereva, akazishika zile waya mbili. Alikaa pale muda, ametugeuzia mgongo. Kisha akaita: "Trizah!"

Msichana alitoka ndani, amejifunga leso mpya, macho chini kama inavyotakiwa siku hiyo. Kwa desturi huulizwa yeye, mbele ya watu wote: mnazi huu tuunywe au tuurudishe? Akisema urudi, hurudi. Lakini babake alimuuliza vingine.

"Mama, umesikia ndani huko?"

"Nimesikia, baba."

"Mimi niliwaambia walete kadzama. Wameleta tone. Sasa niambie wewe. Mnazi huu umefika, au haukufika?"

Trizah alivuka uwanja mpaka kwenye gari. Hapo alisahau kuangalia chini. Aliweka kiganja chake mahali pale pa kioo, kisha akapima kwa mkono kutoka hapo mpaka dirisha la dereva, kisha mpaka dirisha la nyuma, la Kazungu. Ilikuwa shubiri chache. Akageuka, akamtazama Kazungu wazi wazi mbele ya wazee wote, jambo ambalo siku nyingine ningelisemea.

"Umefika, baba," alisema. "Wamefika wote."

Wakaleta kikombe kimoja cha kibuyu. Mzee Ziro alionja, akampa mzee aliyekaa kando yake, na kikombe kikazunguka kila mtu akilowesha midomo tu, mpaka kikarudi. Kilipomfikia Damaris alikipokea kwa mikono miwili, akakishika kidogo, akanipa mimi bila kunywa. Hakuna aliyemlaumu. Kisha mazungumzo yakafunguka.

Tulirudi alasiri, matumbo yamejaa pilau, tarehe ya harusi imetajwa. Kazungu alikuwa anatabasamu peke yake kama mwehu. Lakini tulipopita Matsangoni na kuikaribia ile kona, Mwaro akapunguza mwendo bila kuambiwa, akasimama upande wetu, karibu na msitu. Tukavuka barabara kwa miguu, tukishikana kama watoto wa shule.

Mistari ya magurudumu ilikuwa palepale. Mingine miwili, yetu, ilikuwa mchangani chini ya mikorosho. Na mahali mnazi ulipomwagikia, mwanzoni nilidhani pameanguka majani. Kisha majani yakafunguka.

Walikuwa vipepeo. Walitoka msituni ng'ambo, na bado walikuwa wanatoka, wanavuka lami mmoja mmoja juu ya vichwa vyetu na kutua. Walikuwa wa kahawia wenye michirizi ya buluu, weupe, wa manjano, wengine wakubwa kuliko kiganja changu, wamejipanga bega kwa bega juu ya mchanga uliolowa, mabawa yanafunguka na kujifunga. Hawakutuogopa. Walikuwa wanakunywa. Nimezaliwa pwani hii, nimegemewa mnazi maisha yangu yote, na sijawahi kuona kitu hicho, wala sikujua kwamba kipo. Nilishika kifua. Kazungu alitoa simu apige picha, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Mwaro alipiga hatua kutaka kwenda kukitafuta kioo chake majanini. Damaris akamshika mkono.

"Usiwakanyage," alisema. "Waache wanywe."

Nilimtazama. Hakunitazama. Alikuwa anawatazama wao, na machozi yanamteremka bila sauti.

"Wifi," nilimwambia, "tuombee."

Nilijua ninalolitaka. Nilikuwa tayari kwa Gongoni na Sabaki na Malindi yote, nisimame hapo mpaka giza liingie kama ingebidi. Damaris alifumba macho. Midomo yake ilicheza, ikatulia. Maneno yalikuwa yamemwishia na yeye.

Mwishowe alisema majina tu. Alisema "Mwaro." Akanyamaza. Akasema "Kazungu." Akasema "Kabibi," na alipolitaja jina langu nililisikia kama sijawahi kuitwa. Akasema "Damaris," kwa sauti ya chini. Akasema "Trizah." Tukadhani amemaliza, Mwaro akavuta pumzi aseme amina, lakini Damaris aliinua kidole.

"Na yule dereva," alisema. "Jina lake silijui. Alikuwa ameinua mkono usoni. Naye afike kwao."

Yule niliyemlaani kutoka Matsangoni hadi Kilifi. Nilisema amina kabla ya wote, na niliisema kwa nguvu hata vipepeo wachache wakaruka, wakazunguka, wakatua tena.

Tulirudi garini kabla giza halijatukuta njiani. Mwaro aliwasha, akageuza kichwa upande wa kulia kwa mazoea, akakuta zile waya mbili. Basi Kazungu akateremsha kioo chake, akatoa kichwa nje, akamwangalizia babake nyuma.

"Hakuna gari, baba," alisema. "Twende."